Polisi wakipiga hodi bila hati: mwongozo kamili kwa sisi tunaopanga Arusha na Moshi

Ilikuwa saa kumi alfajiri, Ngarenaro, nyumba ya vyumba saba, tunachangia bomba moja, choo cha nje na geti la bati. Nikasikia hodi. Mimi na usingizi wangu nikajibu "karibu" kama ninavyojibu kila siku jirani akija kuazima kiberiti, nikavuta komeo, na kabla sijavaa hata kandambili wakawa ndani wanne, wawili wana sare wawili hawana. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu ndo nyumba ndo ofisi, vitambaa vya wateja vimejaa mpaka juu ya kabati. Wiki hiyo duka moja la vitenge lilikuwa limevunjwa na kuna mtu alishawaambia kwamba kwetu kuna mzigo. Wakachukua doti kumi na nne za wateja wangu, nilizihesabu kwa macho yangu wakati wanazifunga kwenye shuka langu mwenyewe, halafu nikapewa karatasi yenye mistari mitupu, nikaambiwa saini hapo chini tutajaza kituoni. Nikasaini. Siku ya tatu nilipoiona ile karatasi imeshajazwa, imeandikwa doti kumi na moja.

Zile tatu niliwalipa wateja mwenyewe, kidogo kidogo, miezi minne. Sikitaji kituo wala mtu, nataka wewe usipite nilipopita. Tangu siku ile nimekaa na wasaidizi wa kisheria, nimeuliza mawakili wawili watatu wateja wangu, na vifungu nimevipitia kimoja kimoja na kamusi pembeni. Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilitungwa 1985. Namba nitakazotaja ni za toleo la 2022, na kwa kuwa sheria zetu zinapangwa upya kila baada ya muda, ukikuta namba imesogea wewe shika maneno ya kifungu, hayo ndo ya muhimu.

Kwanza jua polisi anaingia kwako kwa njia zipi

Msingi ni Katiba ya 1977, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake ya familia na maskani yake. Maskani ni hapo unapokaa, hata kama ni chumba kimoja cha elfu arobaini kwa mwezi. Ila hiyohiyo ibara inaruhusu sheria iseme lini hiyo faragha inaweza kuingiliwa, kwa hiyo ukimwambia afande "Katiba hairuhusu" ukaishia hapo, hujamaliza sentensi.

Njia ya kawaida ni hati ya upekuzi. Hii inataja mahali pa kupekuliwa, na kifungu cha 40 kinasema inatekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, siku yoyote hata Jumapili, isipokuwa polisi wameiomba mahakama na mahakama ikawaruhusu saa nyingine. Kwa hiyo mtu akija saa tisa usiku na hati mkononi, bado una haki ya kuuliza kwa upole kama hiyo ruhusa ya usiku ipo.

Sasa njia ambazo hazina hati ya mahakama, hapa ndo watu wengi tunachanganya.

Ya kwanza ni mkuu wa kituo, OCS. Kifungu cha 38 kinampa nguvu ya kupekua mwenyewe au kumpa askari wake idhini ya maandishi, pale anapokuwa na sababu za msingi za kuamini kuna kitu cha kosa mahali fulani NA akaridhika kwamba kuchelewa kutafanya kitu kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Ona hapo, hata hii njia ya haraka ina karatasi, idhini inaandikwa, na baadaye anatakiwa kumtaarifu hakimu mapema inavyowezekana, aeleze sababu na nini kilipatikana. Kanuni za ndani za polisi wenyewe, PGO namba 226, zinataja fomu yake kabisa, PF 91. Na zinasema askari asiingie kwenye nyumba ya mtu isipokuwa ana hati au ana mamlaka mahsusi ya sheria. Kwa hiyo ukiuliza "afande, mna PF 91?" hujamtukana mtu, umeuliza kitu ambacho kipo kwenye kitabu chake.

Ya pili ni dharura, kifungu cha 42. Hapa askari anaweza kuingia bila karatasi yoyote, ila mambo mawili lazima yawepo kwa pamoja: iwe ni lazima kufanya hivyo ili kitu kinachohusiana na kosa kisipotee au kisiharibiwe, na hali yenyewe iwe nzito na ya haraka kiasi kwamba hakuna muda wa kutafuta hati. Yote mawili, sio moja. Mfano, jamaa kapora pochi stendi ndogo, wanamkimbiza mpaka uani kwenu, kaingia chumbani na mzigo. Hapo hakuna wa kumwambia askari nenda kwanza kalete karatasi. Ila mfano wangu mimi, taarifa waliipata jioni, wakapanga, wakalala, wakaja alfajiri, hapo wakili mmoja aliniambia swali la kwanza angeuliza mahakamani ni hilo tu, kuanzia jioni mpaka alfajiri mlishindwa nini kuandika idhini? Mahakama ya Rufani imeshatoa nje vielelezo, yaani vitu vilivyoletwa kama ushahidi, kwenye kesi ambazo upekuzi ulifanyika bila hati na dharura haikuonekana. Na pia kuna kesi imekubali dharura ilikuwepo kweli, kwa hiyo usijidanganye kwamba kila anayeingia bila hati amevunja sheria.

Na dharura sio ya vitu tu. Mama anapiga kelele ndani, anapigwa, majirani wamepiga 112, askari akisukuma mlango ule mimi nitamshika mkono kumshukuru. Naliandika hili makusudi maana kuna wanaume wanasoma mambo ya haki ya maskani halafu wanaigeuza ngao ya kufungia watu ndani. Hapana.

Ya tatu ni kumkamata mtu. Kama askari ana sababu ya kumkamata mtu ambaye sheria inaruhusu kukamatwa bila hati, na anaamini kwa sababu za msingi yuko humo ndani, anaweza kuingia kumfuata. Ila shika hili, kuja kumchukua mtu na kupekua nyumba ni mambo mawili, yana vifungu tofauti. Amekuja kumchukua kijana wako, kamchukua, sasa anaanza kufungua mabegi ya mama mkwe aliyekuja kutoka Rombo, hapo unauliza upya, huu ni upekuzi wa nini na kwa idhini gani.

Ya nne ni sheria maalum, na kwa huku kwetu kaskazini zinagusa watu wengi. Ya wanyamapori ya 2009 kifungu cha 106 inawapa maofisa nguvu kubwa ya kupekua bila hati, lakini imeweka sharti ambalo kila mtu anayekaa karibu na hifadhi angelijua, kwamba nyumba ya kuishi isiingiwe bila hati isipokuwa awepo angalau shahidi mmoja huru. Nyama pori, pembe, ngozi, ukiona wamekuja kwa hayo, neno lako la kwanza ni shahidi huru yuko wapi. Mambo ya mirungi na bangi yana sheria yake ya 2015 na mamlaka yake, nayo ina utaratibu wake wa kupekua, hizo kesi ni nzito sana na ushauri wangu ni mmoja, tafuta wakili siku hiyohiyo.

Ya tano ndo iliyonikuta mimi, ni wewe mwenyewe kusema karibu.

Hodi inapopigwa

Sisi tumelelewa hivi, hodi jibu lake karibu, linatoka mdomoni kabla akili haijaamka. Ila usiku huo, au asubuhi hiyo, jizoeze kujibu "nani?" Wakisema polisi, sema "nakuja nje afande, navaa". Washa taa. Toka wewe uende kwao, ufunge mlango nyuma yako kama inawezekana, usiwaache wakufuate ndani. Ukishasema karibu au pita tu afande, kesho mtu anaweza kusimama na kusema mwenye chumba aliruhusu, na wewe utajibu nini? Kweli uliruhusu.

Ukiwa hapo nje uliza mambo manne, taratibu, kwa sauti ambayo jirani anaisikia: majina yenu na kituo mnachotoka, naomba kuona kitambulisho, mmekuja kwa jambo gani, mna hati au idhini ya mkuu wa kituo. Ambaye hana sare ndo hasa umuombe kitambulisho, wezi wa kujifanya polisi wapo na kila mtu hapa mjini amesikia habari zao. Ukiwa na wasiwasi wa kweli kwamba sio polisi, piga 112 au mpigie polisi kata wenu kama una namba yake, na kama huna namba yake leo ni siku nzuri ya kuiomba kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wakikupa hati, isome. Jina la mahali ni hapo kwako? Tarehe? Sahihi na muhuri? Isome hata kama wanakuharakisha, usomaji wa dakika mbili hauwezi kuitwa kuzuia kazi.

Wakikosa hati na wakasema ni dharura, sema maneno haya au yanayofanana: "Afande mimi sijaruhusu mpekue, ila siwazuii. Naomba tumuite mjumbe kwanza." Halafu kaa pembeni. Kaa pembeni kabisa, usisimame katikati ya mlango, usimshike askari mkono, usifunge komeo mbele ya uso wake. Kumzuia askari kwa nguvu akiwa kazini ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na ukishafanya hivyo kesi yao ya vitenge imeshageuka kesi yako ya kushambulia askari, na yale maswali yote mazuri uliyouliza hayana tena wa kuyasikiliza. Ubishi wa uhalali unafanyika mahakamani, hapo mlangoni unakusanya tu ushahidi wa nini kilitokea.

Shahidi, usiruke hapa

Mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, au hata jirani wa kawaida ambaye sio ndugu yako na sio polisi. Huyo ndo shahidi huru. Asije wakati wameshamaliza kutafuta akaonyeshwa tu kitu mezani, awepo kuanzia mwanzo, aingie nao, aone mkono unaingia wapi na unatoka na nini. Kuna ombi moja mdogo wangu wa Moshi alifundishwa na msaidizi wa kisheria na mimi nikalishika, unaweza kuomba askari nao wajikague kwanza mbele ya shahidi kabla hawajaingia, mifuko mitupu, mikono mitupu. Wengine watakubali, wengine watakasirika, uliza kwa adabu tu. Ukikataliwa kumbuka aliyekataa alisema nini.

Pekua chumba kwa chumba, omba hivyo. Wakisambaa watatu vyumba vitatu huwezi kuona chochote. Mwanamke apekuliwe mwilini na mwanamke, na kwa staha, hilo liko kwenye sheria, kama hawakuja na askari wa kike wamsubirie.

Kuhusu kurekodi na simu, mimi maoni yangu ni kwamba simu usoni kwa askari saa kumi alfajiri inawasha moto kuliko inavyosaidia. Mtoto wa jirani akiandika saa, idadi ya askari na namba ya difenda kwenye daftari la shule, hiyo nayo ni kumbukumbu.

Wapangaji tusikilizane kidogo hapa. Sheria inaposema nani asaini karatasi ya vitu vilivyochukuliwa, inataja mwenye nyumba au anayeishi humo, au ndugu wa karibu, au mtu mwingine ambaye kwa wakati huo anasimamia hayo maeneo. Umeelewa maana yake? Wewe uko kazini Njiro, wamekuja, mama mwenye nyumba anaweza kujikuta anasaini vitu vya chumba chako ambavyo hata hajui vilikuwa vingapi. Kaa naye siku moja muongee, mwambie wakija nipigie kabla hujashika kalamu, na mwachie namba ya mtu wa pili.

Karatasi

Hapa ndo nilipoumia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kifungu cha 38(3) kinasema kitu kikichukuliwa, askari atoe risiti inayokiri amekichukua, yenye sahihi yako na sahihi za mashahidi kama wapo. Mara nyingi utakachopewa ni hati ya ukamataji mali, na Mahakama ya Rufani imeshakubali kwenye kesi kadhaa kwamba hiyo hati ikishasainiwa vizuri inaweza kusimama badala ya risiti. Maana yake sahihi yako pale ina uzito ambao mimi sikuujua, ni kama umesema ndiyo, hivi ndo vitu, ndo idadi, vilitoka kwangu.

Kwa hiyo usisaini mistari mitupu. Kabisa. Sema "afande naomba tuandike kwanza halafu nasaini, sina tatizo na kusaini". Vitu viandikwe hapohapo, kimoja kimoja, na viandikwe kwa namna ambayo haviwezi kubadilika njiani. Usikubali "vitenge". Iandikwe doti 14 za vitenge, 6 vya bluu, 5 vya njano, 3 vya maua mekundu. Usikubali "simu moja". Iandikwe aina, rangi, kioo kimepasuka kona ya juu kulia, na namba ya IMEI, hiyo unaipata kwa kubonyeza *#06#, iandike leo nyuma ya daftari lako maana simu ikishachukuliwa huwezi kubonyeza chochote. Pesa zihesabiwe mezani kwa sauti, mbele ya mjumbe, na jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Mistari inayobaki chini ipigwe mstari mmoja wa mshazari ili isiongezwe kitu. Kama kitu kimeandikwa ambacho hakikutoka kwako, usikisaini kwa uoga, sema mbele ya shahidi kwamba hiki sikitambui, na kama wanakubali uandike hivyohivyo pembeni kabla ya sahihi. Halafu omba nakala, au angalau mjumbe aipige picha.

Mdogo wangu anakaa Pasua, mwaka uliofuata yalimkuta hayohayo, walikuwa wanamtafuta mpangaji aliyehama. Alitoka nje na kanga, akauliza yale maswali manne, akasema siruhusu ila sizuii, akamtuma mtoto kwa mjumbe. Wakasubiri kama dakika ishirini hivi, wakapekua, wakachukua redio na charja, mjumbe akaandika mwenyewe kwa mkono wake, redio nyeusi antena imevunjika, kifuniko cha betri hakipo. Wiki mbili baadaye aliipata redio yake, antena imevunjika vilevile na kifuniko hakipo vilevile.

Na ukiambiwa toa ya maji tusiandike haya mambo, usitoe. TAKUKURU namba yao ni 113, bure.

Wakikuchukua wewe

Nitapita haraka. Uliza unakamatwa kwa kosa gani, wanatakiwa wakuambie. Mwambie shahidi kituo unachopelekwa. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, itumie kabla hujaandika maelezo. Umeumizwa, omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali mapema, alama za leo kesho kutwa zinafifia.

Baada ya hapo

Siku hiyohiyo, kabla hujafagia, andika. Saa walipofika, saa walipoondoka, wangapi, majina au namba za begani, nani alikuwepo, walisema nini kuhusu hati, walipekua wapi, walichukua nini, mlango umevunjika wapi. Piga picha za mlango na kabati. Majirani wakiwa bado wanakumbuka waambie nao waandike yao.

Kama kuna kesi inakwenda mahakamani, mpe wakili wako hayo yote mapema, maana pingamizi la kielelezo linatolewa pale upande wa mashtaka unapotaka kukitoa, kabla hakijapokelewa. Wengi wanakuja kulalamika kwenye rufaa kitu ambacho walikaa kimya kikapokelewa. Kifungu cha 169 kinampa hakimu nguvu ya kukataa ushahidi uliopatikana kinyume na sheria, ila pia kinamruhusu kuupokea akiona maslahi ya umma yanahitaji hivyo na haki ya mtu haiumizwi isivyostahili. Kwa hiyo sio kwamba hawakuwa na hati basi kesi imekufa, lazima mtu asimame aeleze kwa nini.

Kama hakuna kesi na wewe unataka tu vitu vyako na kuheshimiwa, anza na OCS kwa barua, asipojibu nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, halafu RPC, kamanda wa mkoa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko dhidi ya polisi. Wakili wa kulipa ukimshindwa, Arusha kuna ofisi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Moshi kuna shirika la KWIECO, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako atakuelekeza.

Na wewe ambaye umeshasaini mistari mitupu kama mimi, usikae miezi kama nilivyokaa. Leo hii chukua karatasi, orodhesha kila kitu kilichochukuliwa kwa idadi na rangi, andika na saa na kwamba ulisaini kabla haijajazwa. Toa nakala tatu. Peleka kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri na tarehe zote tatu, umwachie moja. Ya pili peleka kituoni kwa OCS, na ya tatu usiondoke nayo mpaka wameigonga muhuri wa kupokea.